Kabla ya amri ya kukaa ndani: hesabu ya wauguzi na subira ya watu

Tuanze na vitanda vya hospitali, maana ndivyo vilivyowapotosha wengi mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea duniani. Kila jioni taarifa ya habari ilihesabu vitanda: vimebaki vingapi, vinaongezwa vingapi, mashine za kupumulia ziko ngapi. London waligeuza ukumbi wa maonyesho wa ExCeL kuwa hospitali ya dharura, ikafunguliwa tarehe 3 Aprili 2020 ikiwa na uwezo wa kufikisha vitanda 4,000. Katika wimbi lile la kwanza wagonjwa waliolazwa humo hawakufika hata mia. Hospitali za kawaida zilijibanabana zikabeba mzigo mkubwa kuliko ilivyodhaniwa, hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba wauguzi wa kusimama kando ya vitanda 4,000 hawakuwapo popote. Wuhan nako, nchini China, hospitali ya Huoshenshan ilisimama kwa takriban siku kumi na dunia nzima ikatazama mitambo ya ujenzi usiku na mchana. Lililotazamwa kidogo ni kwamba ilipofunguliwa, mapema Februari, wahudumu wa tiba 1,400 wa jeshi walikuwa wameshapangiwa kuifanyia kazi, na mkoa wa Hubei kwa jumla ukaletewa wahudumu zaidi ya 40,000 kutoka mikoa mingine. China iliweza kuazima watu kwa sababu ugonjwa ulikuwa umerundikana mkoa mmoja. Ukienea nchi nzima kwa wiki ileile, hakuna wa kumwazima.

Masharti wanayowekewa raia na uhaba wa watumishi wodini ni hesabu moja. Tatizo ni kwamba huandikwa katika madaftari mawili, na ofisi mbili ambazo hukutana siku ya dharura tu. Yanayofuata ni mambo ya kumaliza kabla ya siku hiyo, na yanamhusu mpangaji wa huduma sawa na raia atakayeambiwa abaki nyumbani.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila lazima ifanywe kwa kalamu. Wiki ina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki anaziba saa 40 tu, kwa hiyo kitanda kimoja cha mgonjwa mahututi, chenye muuguzi mmoja muda wote, kinadai wauguzi wanne na ushei. Ongeza likizo, ugonjwa, mafunzo na muda wa kukabidhiana zamu, unafika watano au zaidi. Vitanda kumi ni wauguzi hamsini, nao wawe wenye ujuzi wa mashine na dawa za wodi hiyo, si yeyote aliyevaa sare. Ukiona tangazo la vitanda vipya bila kuona hesabu hii pembeni yake, uliza.

Halafu punguza. Orodha ya mishahara inaonyesha walioajiriwa, haionyeshi watakaofika. Toa wajawazito na wenye maradhi yanayowaweka hatarini. Toa wanaotegemewa na mzazi mgonjwa. Wapo pia wanaofanya kazi sehemu mbili ili maisha yaende: muuguzi huyohuyo amehesabiwa na hospitali hii mchana na kituo kile usiku, na kila upande unaamini ni wake. Siku akiugua, wanapungua wawili kwenye karatasi. Na wastaafu, ambao kila mpango huwataja kama akiba, ndio hasa wenye umri ambao UVIKO-19 uliuonea zaidi. Wanaweza kupokea simu, kusimamia vijana, kufuatilia waliokutana na wagonjwa. Kuwapeleka mstari wa mbele ni kuzima moto kwa mafuta.

Mpango huu usiandikwe bila watu wa zamu kuwapo mezani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuguzi wa usiku ndiye anayejua kwamba basi la mwisho hupita kabla zamu haijaisha, kwamba chumba cha kupumzikia kinajaa watu kumi waliovua barakoa ili wale, kwamba barakoa za saizi moja haziwashiki vizuri wenye nyuso ndogo.

Shule nazo zinaingia hapa, ingawa kwa kawaida zinajadiliwa kama suala la elimu. Ukifunga shule bila kusema watoto wa wahudumu waende wapi, umefunga na sehemu ya wodi. Machi 2020 Uingereza ilipofunga shule iliziacha wazi kwa watoto wa wafanyakazi waliohesabiwa kuwa wa lazima, pamoja na watoto wenye mazingira magumu. Cha kuamua mapema ni nani aingie kwenye orodha hiyo, kwa sababu ugomvi huanzia hapo. Daktari atatajwa bila kuombewa. Mtu wa maabara, dereva wa gari la wagonjwa, mfua mashuka, mpishi, fundi wa oksijeni na msafisha wodi husahauliwa hadi siku wasipoonekana, na bila msafishaji hakuna kitanda kinachopokea mgonjwa wa pili.

Sasa subira ya watu. Mwanzoni mwa 2020 lilizuka wazo kwamba raia wakifungiwa mapema watachoka mapema, hivyo amri isubiri. Uingereza wazo hilo lilizungumzwa sana mwezi Machi. Amri ilipotoka, zaidi ya watu tisa kati ya kumi waliohojiwa waliiunga mkono, na wengi waliifuata kwa uaminifu uliowashangaza hata waliowadharau. Watu huchoka, sikatai. Lakini mara nyingi anayeitwa mchovu ni mtu aliyeona uonevu.

Tazama kilichotokea viongozi walipovunja masharti waliyoyatunga. Scotland, mganga mkuu wa serikali Catherine Calderwood alijiuzulu Aprili 2020 baada ya kugundulika ameitembelea nyumba yake ya pili wakati akiwahimiza wengine wabaki makwao. New Zealand, waziri wa afya David Clark alikiri kuipeleka familia ufukweni. Alishushwa cheo mara moja, na Julai akaachia wizara. London mambo yalikwenda tofauti. Dominic Cummings, mshauri wa waziri mkuu, alisafiri na familia hadi Durham, kaskazini mwa England, katikati ya amri, habari zikavuja Mei, naye akabaki kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo katika jarida la Lancet ulionyesha imani ya watu kwa serikali ikishuka England baada ya tukio hilo, wakati Scotland na Wales, zenye serikali zao, hazikushuka namna ile. Kwa hiyo kabla ya mlipuko liandikwe na hili, kwa maneno mafupi: kiongozi akivunja sharti anafanywa nini, na ndani ya siku ngapi. Aibu ya kuliandika mapema ni ndogo kuliko ile ya kulijadili mbele ya kamera.

Upande wa pili wa subira ni uwezo. Asiyelipwa anapokaa nyumbani hawezi kujitenga, hata aelewe vipi somo la virusi. Kumwita mkaidi ni kumkosea, na ni kukosea hesabu pia, kwa sababu wengi wao wanafanya kazi palepale ambapo virusi vinaua: kuhudumia wazee, kusafisha, kubeba wagonjwa. Anayetoka nyumba moja ya wazee kwenda nyingine kwa sababu hakuna inayompa saa za kutosha ataubeba ugonjwa kwenye viatu vyake. Malipo ya siku za kujitenga, chakula kwa waliofungiwa na namba ya simu inayopokelewa ndivyo vinavyofanya amri ifuatike, na vyote vinahitaji bajeti iliyopitishwa kabla. Tofautisha asiyetaka na asiyeweza. Wa kwanza anahitaji maelezo, pengine faini. Wa pili anahitaji pesa.

Amri ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. San Francisco ilijua hili zaidi ya karne iliyopita. Oktoba 1918, mafua yalipopamba moto, jiji liliamuru barakoa na watu wakazivaa. Novemba amri ikaondolewa kwa shangwe. Januari 1919 ugonjwa ukarudi, amri nayo ikarudi, na hapo ndipo walipojikusanya wapinzani wakaunda Ligi ya Kupinga Barakoa. Ukitangaza ushindi, jiandae kudaiwa ushindi huo. Heri kusema tangu siku ya kwanza kwamba masharti yanaweza kulegezwa na kukazwa tena, na kusema ni kipimo gani kitakachoamua.

New Zealand ilifanya hivyo vizuri kuliko nchi nyingi. Tarehe 21 Machi 2020 Jacinda Ardern, waziri mkuu wa wakati huo, alieleza ngazi nne za tahadhari, kila moja na masharti yake, kabla ngazi ya nne haijaanza usiku wa tarehe 25. Watu walijua watakachokosa na watakachorudishiwa. Ningeongeza kitu kimoja kwenye ngazi za aina hiyo: idadi ya watumishi. Wananchi huonyeshwa mstari wa maambukizi unaopanda, ambao kwao ni mchoro tu. Waambiwe kwamba wodi hii inahitaji wauguzi ishirini kwa zamu, leo wamefika kumi na watatu, na wakishuka chini ya kumi upasuaji usio wa dharura utasimama. Hapo mtu anaelewa kwa nini harusi yake imeahirishwa. Anaweza kukasirika bado, lakini atakuwa amekasirikia kitu anachokijua.

Kanuni za kujitenga zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu zinakata pande zote mbili. Omikroni, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ilipofika mwishoni mwa 2021, hospitali nyingi zilibanwa na wagonjwa na wakati huohuo na watumishi wao waliokuwa nyumbani wakisubiri siku ziishe. Tarehe 27 Desemba 2021 Marekani ilipunguza siku za kujitenga kwa wasio na dalili kutoka kumi hadi tano. Wiki hiyohiyo Quebec, jimbo la Canada, ilitangaza kwamba baadhi ya watumishi wa afya waliopata maambukizi wangeruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti, ili huduma isisimame. Huenda uamuzi wa aina hii hauepukiki. Lakini mfikirie mtu aliyezuiwa kumzika mama yake, halafu asikie kwamba mwenye virusi yupo wodini kwa ruhusa. Hoja ya uhaba, hata iwe sahihi, inasikika kama kigeugeu ikitolewa siku ya uamuzi. Ikiwa imeandikwa mwaka mmoja kabla, kwamba watumishi wakipungua chini ya idadi fulani tutafanya hivi, kwa kinga hizi, katika wodi hizi tu, inabaki kuwa kanuni chungu lakini inayojulikana.

Makofi yalikuwa mazuri. Uingereza watu walipiga makofi barazani na madirishani kila Alhamisi kuanzia tarehe 26 Machi 2020, kwa wiki kumi. Makofi hayalipi kodi ya nyumba, na mwaka uliofuata wahudumu katika nchi mbalimbali walikuwa wakitukanwa getini na watu waliochoshwa na masharti. Hivyo usalama wa watumishi uingie kwenye mpango: mlango wa kuingilia, usafiri wa usiku, mtu wa kupokea malalamiko asiye muuguzi mwenyewe. Gharama ya kutowalinda inajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 huenda wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa UVIKO-19. Kabla ya hapo, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Liberia ilipoteza takriban asilimia 8 ya madaktari, wauguzi na wakunga wake. Mlipuko ulipokwisha, hao hawakuwapo kuzalisha wala kuchanja.

Vifaa vya kujikinga nitavipitia haraka kwa sababu vimeshasemwa sana: viwepo, viwe vya saizi tofauti, vikaguliwe tarehe za kuisha muda, na watu wafundishwe kuvua kama wanavyofundishwa kuvaa. Kuvua ndiko kunakoambukiza.

Linalosahaulika karibu kila mahali ni miezi ya baadaye. Raia wakifunguliwa, kwao janga limekwisha. Hospitalini ndipo wanapoanza kufika walioahirishiwa: uvimbe uliokua bila kupimwa, nyonga zilizosubiri, watoto waliokosa chanjo. England ilikuwa na orodha ya wanaosubiri matibabu ya takriban milioni 4.5 kabla ya UVIKO-19. Mwaka 2022 ikapita milioni 7. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya kimataifa imekwisha, orodha hiyo ilikuwa bado inapanda, na watumishi walewale, wasiopumzika tangu 2020, ndio waliotakiwa kuipunguza. Wengine waliacha kazi wakati huo, si katikati ya wimbi.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa mpango uwe orodha ya likizo: nani anaanza kupumzika wimbi likishuka, kwa siku ngapi, nani anashika zamu yake, na ni huduma gani zitakazochelewa kwa sababu hiyo. Wananchi waonyeshwe ukurasa huo pamoja na ule wa masharti, kwa wakati mmoja.