Toroli ya Vyombo vya DJ: Kuchagua, Kupakia na Kuvusha Kabro, Matope na Ngazi

Subwufa moja ya inchi 18 yenye amplifaya ndani ina uzito wa kilo 40 hadi 60. Chukua mbili, ongeza spika mbili za juu za inchi 15, sanduku la mikisa na deki, stendi na kreti la waya: unakaribia kilo 200 kabla hujagusa jenereta. Kwenye vigae vya hoteli, mzigo huo mtu mmoja anausukuma huku akiongea na simu. Shughuli iko kwenye zile mita 40 kutoka pale mlinzi alipokwambia uegeshe hadi jukwaani. Toroli huchaguliwa kwa mita hizo, wala si kwa namba ya uzito iliyobandikwa dukani.

Hatua ya 1: Jua ardhi unayofanyia kazi

Kumbuka kazi zako kumi za mwisho, uandike vyombo vilipita wapi. Bustani za harusi za Karen ni nyasi juu ya udongo mwekundu. Embakasi na sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi ni udongo mweusi wa kunata. Huo ukilowa hujaa kati ya gurudumu na uma wake mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na toroli inaburuzwa kama jembe. Mitaani kwenye nyumba za kupanga ni kabro, yaani matofali ya zege yaliyotandikwa chini. Katikati ya mji ni lifti nyembamba na ngazi. Ukifanya kazi nyingi za nje kati ya Machi na Mei, au Oktoba hadi Desemba, fanya hesabu ukijua kwamba mvua itanyesha.

Kisha chukua tepu upime mlango mwembamba zaidi unaokutana nao mara kwa mara, ukianzia na wa lifti. Toroli isiyoingia kwenye lifti ni fenicha tu.

Hatua ya 2: Chagua gurudumu kwanza

Wengi huangalia fremu, na gurudumu ndilo linalowaangusha. La milimita 75 hukwama kwenye ufa wa kabro na kwenye kile kizingiti kidogo cha lifti, mzigo ukaendelea mbele bila toroli. Milimita 125 ndicho kipimo cha chini kwa kabro. Kwa nyasi na murram, tafuta la upepo la inchi 10, lile lililoandikwa 4.10/3.50-4 ubavuni. Ni kipimo cha kawaida, kwa hiyo tairi na tyubu yake hupatikana bila shida.

Nailoni ngumu hubeba uzito mwingi, lakini hupeleka mshtuko wa kila ufa wa kabro moja kwa moja kwenye mikisa, na skrubu za ndani hulegea. Mpira mzito usio na upepo haupati pancha na hauna kelele, ndiyo maana tunaupendekeza kwa anayefanya kazi za ndani na mitaani. La upepo ni bora kwa bustani, ila linahitaji kuangaliwa.

Hesabu ya uzito: jumlisha mzigo na toroli yenyewe, gawanya kwa 3, si kwa 4. Ardhi isipokuwa sawa, gurudumu moja huning'inia hewani na matatu yaliyobaki hubeba kila kitu. Mzigo wa kilo 200 kwenye toroli ya kilo 20 unadai kila gurudumu libebe angalau kilo 74. Nunua la kilo 80 au zaidi.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Toroli ya kusimama, ile ya magurudumu mawili na ulimi (bamba la kushikilia mzigo) chini, inafaa ngazini na kwa subwufa moja moja. Ya kitanda, yenye magurudumu manne, hubeba vyote kwa safari moja au mbili. Ya kukunja ya alumini ni nyepesi na huingia nyuma ya gari kama Probox, lakini angalia kufuli la mkunjo kabla ya kulipa: likicheza ikiwa tupu, litafunguka ikiwa na mzigo.

Kama ni moja tu unayoweza kununua, nunua ya kitanda. Ngazi utazipanda kwa mikono ya watu.

Hatua ya 4: Ukiamua kuagiza kwa fundi

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakutengenezea, ila nenda na vipimo vilivyoandikwa. Kitanda cha sentimita 55 kwa 100 kinatosha (punguza upana kama lifti zako ni nyembamba zaidi). Fremu iwe ya chuma cha mraba cha milimita 25, geji 16, na chuma kimoja cha kukatisha katikati. Juu weka plaiwudi ya milimita 18 na mkeka wa mpira ili masanduku yasiteleze. Mpini uwe na kimo cha sentimita 100.

Nyuma, upande wa mpini, weka magurudumu yanayogeuka yenye breki. Mbele weka yasiyogeuka. Ukichanganya ya inchi 10 mbele na ya milimita 125 nyuma, mwambie fundi apandishe ekseli ya mbele hadi kitanda kilale sawa. Fundi akisahau hilo, kitanda huinama na masanduku hutambaa kuelekea chini safari nzima.

Usikubali magurudumu yanayogeuka yachomelewe kwenye fremu. Moto huyeyusha grisi ya beringi, na siku gurudumu likifa utahitaji msumeno. Yafungwe kwa bolti nne za milimita 8 kila moja, washa, na nati zenye nailoni ndani, kwani za kawaida hulegezwa na mtikisiko wa kabro.

Kabla ya kuondoka, weka toroli tupu kwenye sakafu iliyonyooka ubonyeze kona moja moja. Ikicheza, fremu imepinda. Irudishe hapo hapo, maana kesho utaambiwa umeipinda mwenyewe.

Hatua ya 5: Pakia

Subwufa hukaa chini, juu ya magurudumu makubwa, wavu wa spika ukitazama ndani. Juu yake laza spika za juu, kisha sanduku la mikisa liwe la mwisho, kifuniko juu. Stendi hazikai juu ya chochote, zilaze ubavuni. Mzigo usipite usawa wa kifua chako, la sivyo hutaona mtaro.

Funga kwa mikanda miwili ya kukaza yenye kifungio cha chuma: mmoja usawa wa theluthi mbili za kimo cha mzigo, mwingine chini. Mpira wa tyubu unatosha kwa waya na stendi. Kwa subwufa hautoshi, kwa sababu unanyumbuka pale hasa unapotakiwa kushika.

Jenereta isafiri peke yake, imesimama wima, koki ya petroli imefungwa.

Hatua ya 6: Sukuma, vuta, panda

Sukuma kwenye sakafu laini. Ukifika kwenye kizingiti au nyasi, geuka uvute. Ufa mrefu uvuke kwa pembe ili magurudumu yaingie moja moja.

Ngazini, tumia toroli ya kusimama na watu wawili. Ilaze nyuma mpaka mikono isikie wepesi. Hapo uzito umekaa kwenye ekseli. Kupanda au kushuka, toroli huwa chini na mshika mpini huwa juu yake. Wa chini asimame kando kidogo, mkono kwenye fremu, asiwe mbele ya mzigo kabisa. Wa juu aseme "moja", wa chini ajibu "tayari", ndipo ngazi ivukwe. Inachosha, lakini vidole vilivyobanwa huwa ni vya aliyedhani mwenzake ameshashika.

Kwa pikapu yenye kitanda cha sentimita 80 juu ya ardhi, ubao wa mita 2.4 unakufanya usukume karibu theluthi ya uzito: kilo 50 kwa mzigo wa kilo 150, bila msuguano. Ubao wa mita 1.6 unaifanya nusu. Ufunge ubao kwenye gari, kwa kuwa ukisukuma mzigo mbele, ubao hurudi nyuma.

Hatua ya 7: Kabla ya kazi inayofuata

Beba spana namba 13, gurudumu moja la akiba, pampu ya baiskeli na kitambaa. Magurudumu ya upepo yajazwe kwa pampu hiyo hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni, ambacho mara nyingi ni psi 30. Mashine ya upepo ya kituo cha petroli hujaza tairi dogo kwa sekunde chache na inaweza kulipasua mkononi.

Udongo mweusi uondoe usiku huo huo kwa kijiti na maji kidogo, kisha weka grisi kwenye beringi. Ukiuacha hadi Jumatatu utakuwa mgumu kama saruji, na unywele au uzi uliojisokota kwenye ekseli hutauona tena.