Jinsi ya kujua kama shule ya msingi ya Church of England inafundisha vizuri kabla hujamwandikisha mwanao

Wazazi wenzangu mlioko England, kila msimu wa fomu maswali ni yale yale, eti shule ya kanisa wanalipisha? Mtoto wangu Muislamu watamchukua? Masomo yao yakoje? Nayaweka yote hapa ili mtu asichague shule kwa sababu ya jina la mtakatifu getini, na asiikimbie kwa sababu hiyo hiyo.

Shule hizi za Church of England, yaani Kanisa la Anglikana la huku, ni za serikali, ada hakuna. Zipo kama 4,600 hivi na nyingi ni za msingi, kanisa lilianza kuzijenga kupitia shirika lake la National Society lililoundwa 1811, yaani miongo kadhaa kabla serikali haijaanza kujenga za kwake, ndiyo maana ukienda vijijini mara nyingi shule ya kanisa ndo shule pekee iliyopo. Mtaala wa hesabu, kusoma, sayansi na kadhalika kwa kawaida ni ule ule wa taifa, na watoto wa Kiislamu wapo wengi tu kwenye baadhi yao.

Cha kuangalia mapema ni aina ya shule. Ikiwa Voluntary Aided, bodi ya shule yenyewe ndo inaweka masharti ya kuingia, na wanaweza kuuliza kama mnahudhuria ibada na kudai fomu ya ziada yenye sahihi ya kasisi. Ikiwa Voluntary Controlled, masharti yanawekwa na halmashauri kama shule nyingine za mtaa. Zilizogeuka akademi, yaani shule za serikali zinazoendeshwa na trasti badala ya halmashauri, zinafuata masharti ya trasti yao, hayo soma kwenye websaiti ya shule.

Sasa ubora. Kila shule ya kanisa inakaguliwa mara mbili na watu tofauti, na hapa ndo wengi wanachanganya. Ofsted, wakaguzi wa serikali, wanaangalia ufundishaji wenyewe. Ripoti za zamani zina kipengele cha ubora wa elimu na neno moja la jumla juu yake, hilo neno la jumla lilifutwa Septemba 2024, na tangu Novemba 2025 zinatoka kadi zenye vipengele kadhaa, mtaala na ufundishaji kivyake, mafanikio ya watoto kivyake. Kwa hiyo ukiona bango la zamani la sifa za Ofsted limetundikwa kwenye uzio angalia ni la mwaka gani, mwalimu mkuu anaweza kuwa alishaondoka. Ukaguzi wa pili unaitwa SIAMS, huo unaangalia kama imani ya shule inaonekana kwenye maisha ya kila siku, watoto wanavyotendewa, ibada, na kwenye shule za Aided hadi ufundishaji wa somo la dini. SIAMS nzuri haikuambii kama mtoto atajua kugawanya. Soma zote mbili, na usiishie ukurasa wa kwanza, yale ya kurekebisha huwa yako ndani.

Matokeo ya SATs, mitihani ya taifa ya Mwaka wa 6, yapo wazi kwenye tovuti ya serikali, alama zinaanzia 80 hadi 120 na 100 ndo kiwango kinachotarajiwa. Ila shule nyingi za kanisa ni ndogo mno, darasa likiwa na watoto 10 basi mtoto mmoja ni asilimia 10 nzima, akiumwa siku ya mtihani asilimia inaporomoka. Angalia miaka mitatu minne kwa pamoja, na 2020 na 2021 usizitafute maana mitihani haikufanyika kwa sababu ya korona.

Kisha nenda ukaione. Hapa naomba msifanye uvivu jamani, piga simu uombe kutembezwa siku ya kawaida watoto wakiwa darasani. Mimi kitu cha kwanza ningeangalia ni kusoma. Sisi tumekulia ba be bi bo bu, herufi na sauti zinaendana, Kiingereza hakina huruma hiyo, kwa hiyo mtoto wa kwetu anahitaji foniksi, yaani kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi, zilizofundishwa kwa mpangilio. Mwezi Juni Mwaka wa 1 mtoto anapewa kipimo cha kusoma maneno 40, nusu yake ni ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili ionekane kama anaunganisha sauti kweli au kakariri tu. Usiulize wangapi walifaulu, uliza ambao hawakufaulu wanafanywaje. Shule makini itakujibu papo hapo, fulani anakaa nao muda fulani, mara kadhaa kwa wiki, na vitabu wanavyobeba nyumbani vina sauti walizokwisha fundishwa. Ukijibiwa "tunawasaidia wote" halafu kimya, hapo sipapendi.

Omba pia kuona daftari la hesabu la mtoto yeyote, fungua ukurasa wa Septemba halafu wa juzi. Kazi imepanda ugumu? Makosa yamerudiwa yakasahihishwa, au ni tiki tu? Na uliza kama Mwaka wa 6 wanasoma historia na sayansi hata karibu na SATs, maana shule inayoacha kila kitu miezi mizima kukaririsha mitihani inamnyima mtoto vingi. Waambie nyumbani mnaongea Kiswahili uone wanasemaje, wakikushauri mkiache, binafsi ningetafuta kwingine.

Kuhusu dini, uliza wanafundisha nini na dini nyingine zina nafasi gani. Ibada ya pamoja kila siku ni sheria kwa shule za serikali kwa ujumla, na mzazi ana haki ya kumtoa mtoto kwenye ibada, kwenye somo la dini, au vyote. Ongea na mwalimu mkuu mapema mkubaliane mtoto atakaa wapi muda huo.

Fomu kuu inaenda halmashauri mwisho 15 Januari, majibu 16 Aprili, ile ya ziada ina tarehe yake kwa hiyo ulizia shuleni. Na jaza nafasi zote unazopewa, kuandika shule moja tu hakukuongezei nafasi ya kuipata, ukiikosa halmashauri inakupa palipobaki hata kama ni mbali.