Jinsi ya kukagua makosa yako katika mashindano madogo ya poka

Mwongozo huu ni wa Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, katika yale mashindano ya mtandaoni ya kiingilio cha dola 1 hadi 5: meza moja, watu 9, kila mmoja anaanza na chipu 1,500. (Si ile poka ya Kenya ya kumaliza karata mkononi.) Hapa kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na wote hutumia karata tano za mezani zinazofunguliwa tatu kwanza, kisha moja, kisha moja. Anayeanza akitolewa hukumbuka mkono (mgao mmoja wa karata) wa mwisho tu: alikuwa na A-A, mwenzake akamfunga kwa 9-8. Lakini A-A dhidi ya 9-8 za aina moja (kopa zote, kwa mfano) hushindwa karibu mara 23 katika kila 100, na hapo hakuna la kusahihisha. Makosa yenyewe yako nyuma, kwenye chipu 60 hapa na 150 pale zilizoondoka bila kuuma.

Hatua ya 1: Tenga fedha

Weka kando fedha ya viingilio 100 kabla ya kuanza, pamoja na ada ya mwendeshaji. Kama una dola 20 tu, cheza meza za senti 20 au za bure. Zawadi huenda kwa watu 3 kati ya 9, kwa hiyo hata mchezaji mzuri anaweza kukosa mara kumi mfululizo. Mwenye viingilio vitano tu ataanza kucheza kwa woga kabla hajajua kama mchezo wake ni mbaya au ni bahati imegoma. Fedha ya kodi na ada ya shule haihusiki kabisa.

Hatua ya 2: Weka alama, chambua kesho

Ukiwa mezani, andika namba ya mkono na neno moja la sababu: "nilidhani anatishia", "nilichoka kusubiri". Basi. Uchambuzi wa papo hapo huendeshwa na hasira.

Siku inayofuata fungua kumbukumbu za mikono. Programu nyingi huzihifadhi kama faili la maandishi. Funika sehemu ya chini kwa karatasi ili usione nani alishinda, kisha jiulize kwa kila uamuzi: nilijua nini wakati ule, na bei ilikuwa ngapi? Ukiona matokeo kwanza, utasifu upuuzi uliobahatika na kulaumu uamuzi mzuri.

Hatua ya 3: Tafuta mikono uliyoingia kwa kulipia tu

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: kulipia blaindi kubwa (dau la lazima la kuanzia mkono; ndogo ni nusu yake) bila kupandisha ili "nione karata tatu". Hesabu mikono hiyo katika mashindano matano. Ikiwa umeingia mara nyingi ukiwa wa kwanza, tena na A-7 au K-9 za aina tofauti, umepata pa kuanzia. A-7 ikikutana na A-J hushinda takriban robo tu ya mara, na ubaya wake ni kwamba A ikitua mezani ndipo unapolipa zaidi.

Kanuni ya kuanzia: ukiwa wa kwanza kuingia, pandisha au tupa. Blaindi zikiwa 10/20 pandisha hadi 60. Zikifika 50/100, 250 inatosha. Jozi ndogo kama 4-4 ni suala tofauti. Utapata 4 ya tatu kwenye karata tatu za kwanza takriban mara 1 katika 8.5, kwa hiyo lipia dau la mwenzako pale tu ambapo nyote wawili mna angalau mara 15 hadi 20 ya kiasi unachoombwa. Chini ya hapo, hata ukiipata hiyo ya tatu, hakuna cha kutosha cha kuvuna.

Hatua ya 4: Pima bei ya karata unayoisubiri

Mezani kuna 300, mpinzani anaweka 150. Unalipa 150 kugombea 600, yaani unahitaji 25%. Una karata nne za kopa na unasubiri ya tano: zimebaki 9. Wengi wamekariri kwamba hiyo ni 35% na wanalipa. Lakini 35% ni kwa karata mbili zinazokuja. Kwa karata moja ni 19%, na ikikosa utaombwa kulipa tena. Akiwa ameweka chipu zake zote, utaziona zote mbili kwa bei hiyo moja: lipa. Akiwa bado ana chipu, lipa tu kama unaamini atakupa nyingine ukifanikiwa. Mfuatano wenye pengo katikati (5-6-8-9, unasubiri 7) una karata 4 tu, karibu 8.5%. Kwa bei hiyo, tupa.

Hatua ya 5: Chini ya blaindi 10

Gawanya chipu zako kwa blaindi kubwa. Ukiwa na 8, kupandisha hadi 2.5 kisha kutupa ni kupoteza karibu theluthi ya ulicho nacho. Weka zote au tupa. Wakikimbia, umeokota 1.5 za blaindi mbili na kufika 9.5.

Kosa la upande wa pili ni kungoja A-K hadi ubaki na 3. Ukiweka 8, mwenye blaindi kubwa anahitaji 42% ili alipe. Ukiweka 3, anahitaji 31%, na karibu karata yoyote inamtosha. Uwezo wa kumfukuza umeisha.

Hatua ya 6: Ukingoni mwa zawadi

Mmebaki wanne, zawadi ni 50%, 30% na 20%, na kila mmoja ana 3,375. Mkiwa sawa, kila rundo la chipu lina thamani ya 25% ya mfuko wa zawadi. Jirani anaweka zote. Wewe uko kwenye blaindi kubwa. Ukishinda utakuwa na 6,750, nusu ya chipu zote, lakini thamani yake si 50%. Utakuwa wa kwanza mara 1/2, wa pili 1/3, wa tatu 1/6:

(0.5 × 50) + (0.333 × 30) + (0.167 × 20) = 38.3

Unahatarisha 25 ili ufikie 38.3, kwa hiyo, tukiacha blaindi kando, unahitaji kushinda 65% (25 ÷ 38.3), si 50%. A-K za aina tofauti dhidi ya karata zozote mbili hupata takriban hiyo hiyo 65%. Maana yake, hata jirani akiweka zote bila kutazama karata, A-K inakurudishia gharama tu. A-9 ni ya kutupa, na kama kuna mwingine amebakiwa na blaindi 2, kaza zaidi.

Hesabu hiyo inawabana na wapinzani wako pia, kwa hiyo hapa bora uwe wewe wa kwanza kuweka zote.

Hatua ya 7: Kosa moja kwa wakati

Chagua lile lililokula chipu nyingi, kwa kawaida la hatua ya 3, na ulifuatilie peke yake kwa mashindano 20. Mengine yaandike tu. Likipungua hadi mkono mmoja au miwili kwa kila mashindano, nenda kwenye linalofuata.