Kabla ya kupanda vichaka vya matunda kwenye alotimenti

Umesubiri miaka kwenye foleni ya halmashauri ili upate alotimenti, yaani kipande cha ardhi cha kukodi cha kulimia bustani, leo umekabidhiwa ufunguo wa geti, na mkono unawasha kuagiza miche. Ngoja kidogo. Mchicha ukiukosea unang'oa na kusia upya. Karanti nyeusi, tunda lile la Ribena, ikishika ardhi ya Uingereza hukaa hapo miaka kumi na zaidi, na kosa la siku ya kupanda hukaa nayo.

Soma mkataba kwanza. Ploti kamili ya zamani ni kama mita za mraba 250, ila wengi siku hizi hupewa nusu au robo. Baadhi ya maeneo hutaka uombe idhini kabla ya kusimamisha fremu ya wavu wa kuzuia ndege, na mengine hayaruhusu mpira wa maji, kwa hiyo jua mapema utamwagilia kwa kifaa gani.

Kazi yenyewe ni magugu. Utakuta mmea unaojisokota, wenye maua meupe kama tarumbeta, na ukihisi unafanana na kiazi kitamu hujakosea, ni wa ukoo mmoja. Mizizi yake ni myeupe na hukatika ovyo, na kila kipande kinachobaki huchipua. Mimi nilikuwa na haraka, nikapanda rasiberi juu yake. Baada ya misimu miwili mizizi ya magugu ilikuwa imepita katikati ya mizizi ya rasiberi, haitenganishiki tena, nikang'oa vyote. Nakusihi usirudie hilo. Tumia uma wa bustani badala ya sepetu, maana sepetu hukata mizizi na kuizidisha. Sehemu usiyoiwahi ifunike kwa plastiki nyeusi nzito msimu mzima au zaidi, hata kama jirani zako wameshaanza kuvuna.

Miche yenye mizizi mitupu, yaani inayouzwa bila udongo wala chungu, hupandwa kati ya Novemba na Machi, ikiwa imelala, ili mradi udongo haujaganda wala haujajaa maji. Nunua iliyothibitishwa kuwa haina virusi. Najua mtu wa ploti ya pili atakupa vipandikizi kwa moyo mweupe, lakini karanti nyeusi za zamani mara nyingi hubeba utitiri unaovimbisha matumba na kueneza ugonjwa usio na dawa. Pima mita moja na nusu kati ya kichaka na kichaka. Itaonekana nafasi nyingi mno mwaka wa kwanza, lakini usiibane.

Kina cha shimo hutofautiana. Karanti nyeusi izamishe sentimita 5 chini ya alama iliyoachwa kwenye shina na udongo wa kitaluni, ili itoe matawi mapya kutoka ardhini. Gusiberi, jamaa ya karanti, na karanti nyekundu zinataka kinyume chake: shina moja fupi lililo wazi, matawi yaanzie juu. Bluberi haina nafasi kwenye udongo wa kawaida, kwani inahitaji udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) ya 4.5 hadi 5.5. Iweke kwenye chungu chenye mboji yenye asidi na uimwagilie maji ya mvua.

Nunua wavu na kitambaa cha kukinga jalidi kabla hujavihitaji. Karanti huchanua Aprili, na usiku mmoja wa jalidi unaweza kuua maua yote. Funika jioni, funua asubuhi ili nyuki waingie. Wavu nao uwe tayari kabla matunda hayajaanza kubadilika rangi, kwa sababu ndege hawasubiri yaive, na njiwa pori hawabakizi. Uvute ukaze kabisa juu ya fremu, usiache pembe zinazoning'inia chini. Wavu uliolegea hunasa kalunguyeye na ndege, nao hufa humo polepole. Hili halina mjadala kwangu: kama huwezi kuukaza, usiuweke.

Mwisho wa Aprili anza kukagua gusiberi kila unapofika. Viwavi vya kijani vyenye madoa meusi huanzia katikati ya kichaka, chini, ambako jicho halifiki, na vinaweza kuacha matawi bila jani hata moja kwa siku chache. Piga magoti, geuza majani, viokote kwa mkono.