Kusimamisha na kuendeleza kukompaili kwenye mashine ya wengi

Ofisini kwetu hapa Mtwara tuna seva moja ya Linux, na sote tunaitegemea. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, wenzangu huingiza hesabu za magunia tangu asubuhi. Nikikompaili programu kubwa (yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa), skrini zao zinaganda, nasikia, "Kaka, mashine imelala!" Zamani nilikuwa naikata kazi yangu. Siku hizi naisimamisha, wao wakimaliza naiendeleza.

Hatua ya 1. Fungua tmux, programu inayoshika kazi zako hata ukitoka kwenye seva, kisha ndani yake uanze kwa upole:

`nice -n 19 make -j2`

Make ndiyo inayoziendesha kompaila, na -j2 ni mbili kwa wakati mmoja. Namba 19 ni kipaumbele cha chini kabisa. Tmux usiiruke: ukitoka kwenye seva na kazi imesimama kwenye sheli ya kawaida, inaweza kuuawa.

Hatua ya 2. Ukiwa mbele ya terminali hiyohiyo, bonyeza Ctrl+Z. Kuendeleza, andika `fg`.

Hatua ya 3. Ukiwa kwenye terminali nyingine, hapa ndipo watu hukosea. Wanasimamisha make peke yake, kumbe kompaila ilizozizaa bado zinakula prosesa. Simamisha kundi zima:

`ps -u $USER -o pid,pgid,stat,comm`

Tazama mstari wa make, uchukue namba ya PGID, yaani namba ya kundi. Tuseme ni 4182:

`kill -STOP -- -4182`

Ile alama ya kutoa iliyoshikana na namba ndiyo inayolenga kundi. Rudia `ps`, safu ya STAT ianze na T (imesimama) kwa make na kompaila zake zote. Jioni:

`kill -CONT -- -4182`

Hatua ya 4. Pima RAM kwa `free -h`. Kazi iliyosimama haili prosesa, ila RAM iliyoishika haiiachii. Kama RAM ndiyo iliyojaa, wahurumie wenzako: irudishe kazi mbele kwa `fg`, uikate kwa Ctrl+C, usiku uandike tena `make` na chaguo zilezile. Make hutazama saa za faili, kwa hiyo yaliyokwisha hayarudii. Tafadhali usiandike `make clean`, utaanza moja.

Umeme ukikatika, kazi iliyosimama imepotea. Tena faili la .o (tokeo la kompaila kwa faili moja la msimbo) lililokuwa linaandikwa huenda likabaki nusu, na make ikaliona zima kwa sababu saa yake ni mpya. Kabla ya kuendelea tafuta ya mwisho:

`find . -name '*.o' -printf '%T+ %p\n' | sort | tail -5`

Yafute hayo matano, kisha `make`. Kuyakompaili upya ni dakika chache tu.