Somo: Transista za jemaniamu zikifa, weka nini?

Juzi hapa Kibuye nililetewa redio ya mzee mmoja. Mawe mapya, spika nzima, lakini inakoroma tu. Wengi wetu tukiona OC71 au AF117, transista za jemaniamu za redio za zamani, tunachomeka BC557 ya silikoni palepale, kisha redio inanyamaza tunalaumu kipuri. Kosa liko kwenye volti za besi, yaani mguu unaoifungua transista.

1. Usitoe kitu bado. AF117 ina miguu minne, na mmoja umeungwa na kikopo chake cha chuma. Ndani humo humea nywele za bati, nyembamba ajabu, zikigusa waya ni shoti. Kata mguu huo wa kikopo tu. Ile ya mzee nilikata mmoja, stesheni ikaingia hata koleo sijaiweka chini.

2. Ikiwa imekufa kabisa, toa. OC71 ina nukta nyekundu upande wa kolekta. BC557 ukiielekeza ubapa wake kwako, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita.

3. Hapa ndipo penye kazi. Jemaniamu hufunguka kwa volti 0.2 hivi, silikoni inataka 0.6 hadi 0.7. Kwa hiyo punguza rezista inayotoka besi kwenda hasi (redio hizi nyingi chanya ndiyo iko chasi, usishtuke). Mimi huweka volyumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 100 ikifuatana na rezista ya kilo-omu 10, nazungusha polepole huku mita iko kwenye rezista ya emita. Ikiwa ni ya kilo-omu 1, volti 1 ni miliampea 1. Ukifikia kiwango cha mchoro wa redio, zima, pima hizo mbili kwa pamoja, weka rezista ya kudumu.

MASWALI

— Fundi, niko Nakuru, nina BC547 tele. Zitafaa?
Hapana ndugu, hizo ni NPN, volti zake ni kinyume; OC71 na AF117 ni PNP.

— Dayodi ya OA90 naweza kuweka 1N4148?
Hiyo ni silikoni, stesheni za mbali zitapotea. Tafuta BAT85.

— Yangu asubuhi inaimba vizuri, saa saba mchana sauti inakwaruza. Transista za spika ni AC128 mbili.
Joto hilo. Jemaniamu huvujisha mkondo zaidi ikipata moto, na jua la Kisumu unalijua. Badilisha zote mbili pamoja, na ukilehemu nyingine za jemaniamu, shika mguu kwa koleo ili joto lisipande.