Kabla ya mgonjwa wa saratani kupimwa mafuta ya damu

Kolesteroli, moja ya mafuta ya damu, ikishuka yenyewe bila dawa, si habari njema kwa mgonjwa wa saratani. Ugonjwa huishusha, na kutokula nako huishusha. Ndiyo maana kolesteroli ya chini huonekana mara nyingi kwa walio mahututi: kwa sehemu kubwa ugonjwa hutangulia, namba ikafuata. Basi kabla ya kipimo, apimwe uzito. Mtu wa kilo 60 aliyepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi sita bila kukusudia anahitaji mtaalamu wa lishe kwanza. Kumkataza parachichi na karanga kwa sababu ya kolesteroli ni kumwonea.

Dawa zote ziandikwe, za miti shamba zikiwemo. Letrozoli, ya saratani ya matiti, inaweza kupandisha kolesteroli. Tamoksifeni, nayo ya saratani ya matiti, huipunguza, lakini kwa baadhi ya watu hupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Deksamethasoni inayotolewa pamoja na kemo (dawa za kuua seli za saratani) hupandisha sukari, na trigliseridi pia. Kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya kuanza dawa hizo, la sivyo hakuna atakayejua dawa imebadilisha nini.

Mkiambiwa afunge, ale mara ya mwisho saa 2 usiku, damu itolewe saa 2 asubuhi. Maji ruksa, chai ya maziwa hapana. Anayechoma insulini asifunge kabla ya kuongea na daktari, sukari isije ikaporomoka. Akiwa na homa, au ametoka kufanyiwa upasuaji, kipimo kiahirishwe. Anayelishwa mafuta kwa dripu, maabara iambiwe. Damu yake inaweza kutoka nyeupe kama maziwa na kuvuruga hata vipimo vingine.

Majibu yakitoka, tazama vizio kabla ya kushtuka. Kolesteroli ya 5.2 mmol/L na ya 200 mg/dL ni kiasi kilekile. Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L, LDL (kolesteroli "mbaya") iliyokokotolewa kwa fomula ya kawaida haiaminiki. Trigliseridi ikizidi 11.3 mmol/L, msingoje tarehe ya kliniki, maana kongosho liko hatarini. Na yakija maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni hospitali saa hiyohiyo.

Macho yakiwa ya manjano, kolesteroli ya juu inaweza kutokana na mfereji wa nyongo ulioziba. Hapo kinachotakiwa ni kuuzibua, si kukimbilia vidonge vya kolesteroli.